Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam: inaahidi jina, haitaji hata moja

Sisi wafanyabiashara wa Lubumbashi tunaofuata mzigo Dar es Salaam tunaijua Kariakoo kwa vichochoro vyake vyote, na kwa kawaida hatuijui Dar es Salaam nyingine. Tunashuka basi alfajiri, miguu imevimba kwa safari ndefu ya kupitia Kasumbalesa, Kapiri Mposhi na Tunduma, tunatafuta gesti karibu na Mtaa wa Msimbazi, tunanunua, tunafunga, tunarudi. Nimefanya hivyo kwa miaka kumi na mmoja. Safari hii wakala wa mizigo aliniambia kuwa lori lingechelewa siku tatu, na mtoto wa dada yangu, aliyefuatana nami kwa mara ya kwanza, akaniuliza kwa adabu lakini kwa uchungu kidogo: “Mama mdogo, siku zote hizo tutakaa tukitazama maturubai?” Ndivyo tulivyofika kwenye Sanamu ya Askari, na haya ndiyo maoni yangu kwa mwenzangu wa Lubumbashi, Likasi au Kolwezi anayejiuliza kama inafaa kuacha shughuli zake kwa saa mbili akaitazame.

Inafaa, ila kwa masharti. Ukienda ukitafuta mahali pa kupumzika, kunywa soda na kupiga picha za familia, utarudi umenuna, kwa kuwa sikupata pa kukaa, sikupata kivuli cha maana, wala sikumwona mtu aliyewekwa pale ili amweleze mgeni anachokitazama. Ukienda kuangalia kazi ya fundi na kusoma maneno yaliyoandikwa chini yake, saa mbili ni chache. Naipa nyota nne kwa kazi yenyewe na mbili kwa jinsi mgeni anavyopokewa, na sitazijumlisha nyota hizo kisha nizigawanye, kwa sababu mambo hayo mawili hayapimwi kwa mizani moja.

Sanamu imesimama katikati ya mzunguko wa barabara, pale Barabara ya Samora inapokutana na Mtaa wa Azikiwe unaotoka upande wa bandari na Mtaa wa Maktaba unaoendelea upande wa pili. Wenyeji wanapahesabu mahali hapo kuwa kitovu cha jiji, na mtu wa Dar es Salaam akikuambia “tukutane Askari” huhitaji maelezo zaidi. Kutoka Kariakoo tulipanda mwendokasi wa Kivukoni, tukashuka Posta ya Zamani na kutembea dakika chache tu. Hakuna lango, hakuna tiketi, hakuna saa ya kufungua wala ya kufunga. Sanamu ni ya barabarani, ni ya kila mpita njia, na hilo linaifanya iwe rahisi kufikika na rahisi vilevile kupuuzwa. Mimi mwenyewe nimeipita ndani ya daladala mara nyingi nisizoweza kuzihesabu, na kila mara nilichokifikiria kilikuwa nauli.

Mara ya kwanza tulikwenda Ijumaa saa sita mchana, na hilo lilikuwa kosa letu wenyewe. Magari yaliizunguka sanamu bila kukatika, bodaboda zikijipenyeza katikati yake, na kila nilipojaribu kuvuka nilijikuta nikirudi nyuma hatua mbili. Isitoshe, jua la pwani si jua letu. Lubumbashi iko juu, takriban mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na hata mwezi wa kumi, joto letu linapokuwa kali kuliko miezi yote, usiku huleta nafuu. Dar es Salaam joto hushikamana na nguo na kulala nawe. Tuliitazama kutoka ng'ambo kwa dakika kumi, tukaondoka bila kusoma hata neno moja. Jumapili tulirudi saa moja asubuhi, maduka yamefungwa, barabara iko karibu tupu, na hapo ndipo ziara ilipoanza kweli.

Mtu aliyekulia Katanga ana jicho la shaba, hata kama hajawahi kushuka mgodini. Mkoa wetu wenyewe uliitwa Shaba kuanzia mwaka 1971 hadi 1997, na tanuru la Lubumbashi lilianza kutoa shaba mwaka 1911, kwa hiyo msomaji anisamehe nikianza na madini kabla ya historia. Sanamu hii ni ya shaba iliyochanganywa na bati, mchanganyiko mgumu kuliko shaba tupu na unaojaa vizuri ndani ya kalibu, hata kunjo dogo la nguo likatoka kama lilivyokuwa kwenye udongo wa fundi. Nenda taratibu kuizunguka uone mvua na hewa ya chumvi zilivyofanya kazi yake. Mabegani na juu ya kofia, panapopigwa na maji, rangi imekwenda kwenye ukijani. Chini ya mikono na ndani ya mikunjo ya nguo, pasipofikiwa na mvua, imebaki nyeusi ya kahawia, kama sufuria ya zamani. Tofauti hiyo ya rangi ndiyo inayompa askari uhai asubuhi, jua linapomjia kwa ubavu.

Askari hakusimama wima kama wale tuliowazoea kwenye gwaride. Ameinama mbele, mguu mmoja umetangulia, bunduki ameishika kwa mikono miwili na singe imeelekezwa upande wa bandari. Kofia yake ina kitambaa kinachofunika shingo kwa ajili ya jua. Nilimtazama usoni kwa muda mrefu nikitafuta hasira, kwa sababu mkao wake ni wa mtu anayekwenda kuua, lakini sikuiona. Nilichokiona ni umakini, kama wa mtu anayevuka mto asioujua kina chake. Sanamu nyingi za miji yetu ni za wakubwa waliosimama wakitazamwa, na hata sisi pale katikati ya mji tunaye Moïse Tshombe wetu, rais wa Katanga ilipojitenga. Huyu hana cheo cha kuonyesha. Ni mtu aliye kazini.

Aliyemfinyanga ni Mwingereza James Alexander Stevenson, ambaye kazi zake alizitia sahihi ya “Myrander”, jina alilolitunga kwa kuunganisha la mkewe Myra na lake la Alexander. Kabla ya kupakiwa melini, sanamu ilionyeshwa kwenye jumba la Royal Academy jijini London, ikasifiwa sana, na mwaka 1927 ikazinduliwa hapa. Ina ndugu wawili, mmoja Nairobi na mwingine Mombasa, wa fundi huyohuyo na wa miaka hiyohiyo, na baadaye nitarudi kwa huyo wa Nairobi kwa sababu ana kitu ambacho huyu hana.

Kabla ya askari, mji huu ulikuwa na sanamu ya mzungu. Mwaka 1909 Wajerumani walimsimamisha Hermann von Wissmann, gavana wao wa zamani, mtu aliyewavunja watu wa pwani walioinuka chini ya Abushiri, na simulizi ya mji inasema alisimama palepale aliposimama askari leo. Yeye alikuwa juu, na chini yake aliwekwa askari Mwafrika akimtazama. Waingereza walipouteka mji Septemba 1916 waliiondoa sanamu hiyo. Ilipelekwa London, kisha ikarudishwa Ujerumani na kusimamishwa Hamburg mwaka 1922, hadi wanafunzi wa chuo kikuu cha huko walipoiangusha mwaka 1967 na, ilipoinuliwa tena, wakaiangusha mara ya pili mwaka 1968. Msomaji wa Lubumbashi mwenye asili ya Kasai asilipite jina hilo haraka, maana Wissmann huyuhuyo ndiye aliyeanzisha kituo cha Luluabourg mwaka 1884, na Luluabourg ndiyo Kananga ya leo. Jirani zangu wengi wametoka huko, na sikujua kwamba nitakutana na mwanzilishi wa mji wao kwenye mzunguko wa barabara, mbele ya Bahari ya Hindi.

Mabadiliko hayo peke yake yanatosha kumfanya mtu asimame. Askari aliyekuwa chini akimtazama bwana sasa yuko juu peke yake. Ila tusishangilie mapema, kwa kuwa aliyemwinua ni bwana mwingine.

Tusogee kwenye maandishi, ambayo ndiyo yaliyonifanya niandike. Yako kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kimeandikwa mara mbili: kwa herufi za Kirumi na kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wa pwani walivyokiandika karne nyingi kabla ya wazungu. Nilifurahi. Nimezoea kuona minara ya kikoloni ikisema na watu wake yenyewe kwa lugha yake yenyewe, na huu umejitahidi kusema na mtu aliyepita. Maneno yalitungwa na mwandishi Mwingereza Rudyard Kipling, na maana yake ni kwamba ukumbusho huu ni wa askari wenyeji wa Afrika waliopigana, wa wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na wa watu wengine wote waliotumika na kufa kwa ajili ya mfalme wao na nchi yao katika Afrika ya Mashariki kwenye Vita Kuu vya 1914 hadi 1918. Mwisho kabisa unatoa ahadi: ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako.

Mtoto wa dada yangu alisoma kwa sauti, akanyamaza, kisha akauliza: “Mfalme wa nani, mama mdogo? Na nchi ya nani?” Sikuwa na la kumjibu, nikamwambia azunguke upande mwingine aangalie wapagazi.

Wapagazi wako kwenye bamba la shaba lililopachikwa ubavuni mwa jiwe, wakiwa na mizigo yao. Hapa ndipo ninapomlaumu fundi, au aliyemlipa fundi. Maandishi yanawaita miguu na mikono ya jeshi, lakini jeshi limepewa mwili mzima juu, na miguu na mikono hiyo imepewa bamba ambalo dereva wa daladala hawezi kuliona. Nairobi, kwenye Barabara ya Kenyatta, walifanya vyema zaidi: pale watu wa shaba ni watatu, na mpagazi ni mmoja wao, amesimama kwa urefu wake sawa na wenye bunduki. Aliyewahi kuuona mnara wa Nairobi atakuja Dar es Salaam akidhani mtu mmoja amekosekana, na atakuwa sahihi.

Hesabu zenyewe zinaonyesha uzito wa kosa hilo. Katika vita vile mbung'o waliua farasi na ng'ombe, reli zilikuwa chache, barabara hazikuwepo, na kwa hiyo kila risasi, kila kibaba cha unga na kila sanduku la dawa lilikwenda juu ya kichwa cha mtu, mzigo wa ratili 60, yaani takriban kilo 27. Waingereza walitumia wapagazi wapatao milioni moja, na zaidi ya 90,000 walikufa, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara damu, malaria na njaa. Upande wa Wabelgiji, yaani upande wetu, jeshi la Force Publique liliuteka mji wa Tabora tarehe 19 Septemba 1916, wiki mbili tu baada ya Waingereza kuingia Dar es Salaam, na nyuma yake walitumika wapagazi wapatao 260,000. Kwa hiyo mtu wa Kongo anayesimama mbele ya bamba lile asijione mgeni sana.

Sisi wa Katanga tuna sababu ya karibu zaidi. Mwaka 1915 Waingereza walitaka kuwanyang'anya Wajerumani Ziwa Tanganyika, na kwa kuwa hawakuwa na njia ya kufika ziwani kwa maji, waliamua kuleta boti mbili za injini, kila moja yenye urefu wa mita 12 hivi, kwa kupitia kwetu. Ziliteremshwa Cape Town, zikapanda treni hadi Élisabethville, ambayo ni Lubumbashi, zikafika mwishoni mwa Julai, kisha zikaendelea hadi Fungurume, reli ilipokomea. Kutoka hapo zilikokotwa nchi kavu kuvuka milima ya Mitumba hadi Sankisia, kwa mashine za mvuke, kwa ng'ombe na kwa mikono ya watu wetu waliofyeka msitu na kutandika madaraja, halafu zikashuka Lualaba kutoka Bukama hadi Kabalo, na mwisho zikafika ziwani, Lukuga, palipo na Kalemie leo. Majina ya boti hizo yalikuwa Mimi na Toutou, kwa Kifaransa cha watoto ni paka na mbwa. Ila kwa Kiswahili, ukisimulia kwamba Mimi ilisaidia kuiteka meli ya Mjerumani, jiandae kuulizwa ulikuwa na umri gani. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka meli ya Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 ikazamishwa nyingine iliyoitwa Hedwig von Wissmann. Naam, ni jina la ukoo uleule. Lilizama katika Ziwa Tanganyika miezi michache kabla Waingereza hawajaing'oa sanamu ya Wissmann mwenyewe hapa Dar es Salaam.

Bibi yangu mzaa mama, mtu wa upande wa Bukama, alikuwa akituambia kwamba baba yake aliwahi kuvuta mtumbwi porini. Tulikuwa watoto, tulicheka, kwa kuwa mtumbwi hautembei porini, na yeye alicheka pamoja nasi na kuendelea kusonga bukari, ugali wetu. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto nilipozijua habari za boti zile, na bibi alikuwa ameshafariki. Mbele ya bamba la wapagazi niligundua jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: jina la mzee yule hatulijui. Bibi alimwita “baba”, mama yangu alimwita “baba ya mama”, na hakuna aliyeuliza zaidi.

Ndiyo maana ahadi ile ya mwisho ilinichoma. Zunguka jiwe lote, mbele na nyuma, upande wa askari na upande wa wapagazi, utakuta hakuna jina la hata askari mmoja wala mpagazi mmoja. Mnara unasema wanao watalikumbuka jina lako, lakini wenyewe haukuliandika. Haukuwa uzembe wa mtu mmoja. Mwaka 2021 tume ya Waingereza inayotunza makaburi ya vita vya himaya yao, baada ya uchunguzi wake yenyewe, ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, waliokufa katika vita vile hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na wengi wao walikuwa wa Afrika ya Mashariki na Misri. Sasa linganisha na majenerali. Charles Tombeur, ambaye aliwahi kuitawala Katanga na ndiye aliyeongoza jeshi la Wabelgiji hadi Tabora, alipewa ubaroni na kuitwa Tombeur de Tabora. Yeye, pamoja na jina lake, aliongezewa mji.

Kitu pekee ambacho wapagazi wa Waingereza waliacha kikiitwa kwa jina lao hapa ni kile ninachokijua kuliko vyote. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, kambi yao ilikuwa kwenye uwanja ulioko magharibi ya mji wa zamani, na watu wakalitamka jina hilo kama ulimi wa Kiswahili unavyopenda: Kariakoo. Kwa miaka kumi na mmoja nimelitaja neno hilo kila siku ya safari, kwa dereva, kwa wakala, kwa mume wangu kwenye simu, nikidhani ni jina tu. Jumamosi, usiku wa kuamkia ziara yetu ya pili, tulikuwa tumefunga marobota kumi na tisa ya vitenge na mashuka, na kijana wa ghala alipita na kalamu nene akiandika kwenye kila robota jina langu, namba yangu ya simu na LUBUMBASHI kwa herufi kubwa. Alirudia mawili yaliyofifia. “Mama, robota lisilo na jina likifika Nakonde halina mwenyewe,” aliniambia. Kisha wakaja vijana wawili wa mkokoteni, ndio pusupusu wetu wa Lubumbashi, wakayabeba yote hadi kwenye gari, na mimi nikawalipa bila kuwauliza wanaitwa nani.

Nirudi kwenye huduma, kwa kuwa haya ni maoni ya ziara. Kikwazo kikubwa ni kwamba mgeni anaachiwa kazi yote. Sikuona maelezo ya fundi, ya mwaka wa kuzinduliwa, ya Wissmann aliyetangulia, wala ya uhusiano wa wapagazi na Kariakoo, na nafasi hiyo iliyoachwa wazi inajazwa na watu wa kubahatisha. Kijana mmoja aliyejiita mwongozaji alitufuata na kutueleza kwa uhakika mkubwa kwamba huyu ni askari wa Kijerumani aliyegeuzwa jiwe kwa uchawi wa Wazaramo, halafu akadai shilingi 20,000 kwa kuwa tumepiga picha na tu wageni. Nilimwambia kwamba jiwe haliwi la kijani. Tuliishia kwenye shilingi 2,000, nilizompa kwa ajili ya ubunifu wake. Mwenzangu usilipe: hakuna ada ya kuitazama sanamu hii, wala mtu anayedai ada hakuonyeshi risiti.

Aliyetusaidia kweli hakudai kitu. Ni mzee anayeuza vitabu vya mitumba kando ya Samora, ambaye hata Jumapili huja asubuhi kupanga vitabu vyake chini ya kivuli cha jengo. Mtoto wa dada yangu, kwa heshima zote za Lubumbashi, alimwendea akisema, “Jambo, papa.” Mzee alivua miwani. “Papa yuko baharini, kijana wangu, na ana meno. Mimi ni babu yako tu.” Nikawahi kusema shikamoo, akaitikia marahaba, akacheka hadi akakohoa, na kuanzia hapo tukawa watu wa nyumbani. Alitueleza kwamba wazee wa zamani waliiita sanamu hii Bismini, kwamba singe inaelekea bandarini, na kwamba wanaoitazama ni wengi ila wanaoisoma anaweza kuwataja kwa vidole. Alituuzia kitabu cha hadithi kisicho na jalada kwa bei ambayo Kariakoo ningeikataa.

Kwa atakayekwenda, aende Jumapili au siku ya sikukuu kabla ya saa mbili asubuhi. Avuke kwa uangalifu, maana hata barabara ikiwa tupu magari huja kwa kasi. Asitoe simu na kuishika mkono mmoja akiwa amesimama ukingoni mwa barabara. Na avae kofia. Picha nzuri hutoka ukisimama upande wa Mtaa wa Azikiwe, kwa sababu hapo askari anakujia. Ukitaka kuendelea, Makumbusho ya Taifa yako Mtaa wa Shaaban Robert, yanafikika kwa miguu, na huko kuna kiingilio, kuna kivuli na kuna maelezo. Sisi tulichoka, tukaenda kula wali na samaki, na mtoto wa dada yangu akalalamika kwamba hajaona bukari tangu Tunduma.

Kuna jambo moja sikulimaliza. Maandishi ya Kiswahili yaliyo katika herufi za Kiarabu sikuweza kuyasoma, na mzee wa vitabu naye macho yake hayafiki mbali. Niliyapiga picha tatu, mbili zikatoka na mwanga mkali juu ya shaba, moja ni safi. Kwetu Lubumbashi, mtaa wa Kamalondo, kuna shehe mmoja aliyefundishwa kusoma Kiswahili cha herufi hizo na babu yake aliyetoka Kasongo. Nimeshamtumia picha, na amejibu kwamba mstari wa pili unamsumbua, nimpelekee nyingine iliyopigwa kwa karibu zaidi. Lori langu linalofuata litapakiwa mwezi wa saba.